Mabakuli Hayarudi Bila Ngoma

Ungeingia chumbani kwa Tsahara mwaka ule ungemhurumia bure. Kitanda cha chuma, mkeka, mtungi wa maji, na ukuta mtupu. Hapa kijijini Gidan Tudu mwanamke hupanga mabakuli yake ya bati ukutani, la juu likipanda la chini, maua mekundu na ya kijani, mpaka mgeni haoni udongo. Kwa Tsahara kulikuwa na mabakuli matatu na birika lililokatika mdomo. Ungesema, maskini, huyu hana mbele wala nyuma. Nawe ungekosea, maana Tsahara alikuwa tajiri wa kutajwa. Mali yake yote ilikuwa imekaa kwenye kuta za wenzake.

Wanaume wetu huweka uwele ghalani, na ghala lina panya, lina mchwa, lina ndugu wa mume. Mbuzi hufa. Pesa ndiyo usiseme, mume akiiona leo kesho imeondoka naye. Kwa hiyo mwanamke mwenye akili zake huweka akiba kwenye biki. Mwenzako wa biki akiwa na karamu, harusi ya mwanawe au siku ya kumpa mtoto jina, unampelekea mabakuli mawili, kitenge, pishi ya karanga. Tabawa, mpiga sifa wetu, anasimama katikati ya ua na kutangaza nani kaleta nini, na akishatangaza haifutiki mpaka kiama. Siku ukiwa na karamu wewe, mwenzako anakurudishia maradufu: nusu ni yako, nusu ni ya kukuanzia upya, ili nawe siku yake umrudishie. Mume hawezi kuiuza, mwizi hawezi kuibeba, kwa sababu inalindwa na aibu ya kijiji kizima. Nimeiona benki ya mjini Maradi na askari wake mlangoni, na bado nasema biki ni salama zaidi. Akiba haiozi, na kwenye biki kweli haiozi.

Ila huitoi bila karamu, na karamu huletwa na watoto.

Tsahara alizaa mara moja. Siku Zuwaira alipopewa jina ndiyo ilikuwa karamu yake ya mwisho, miaka kumi na minne kabla ya mwaka ule. Baada ya hapo tumbo likanyamaza. Dawa za mizizi alikunywa, maji ya aya za kuoshwa ubaoni alikunywa, hospitali alikwenda, wapi. Wenzake wakaendelea kuzaa na kuoza, naye akaendelea kutoa. Na hakutoa kidogo. Mwanamke asiyezaa hujua anasemwa nini akipita, kwa hiyo Tsahara alitaka asemwe kwa jambo jingine. Alilima karanga zake, akakamua mafuta yake, na kila senti ikageuka bakuli na bakuli likaenda kwenye ngoma ya mtu. Tabawa akilitaja jina lake wanawake walipiga vigelegele, na kwa jioni ile moja moyo wake ulitulia.

Kisha ukaja mwaka ule. Mvua zilikatika uwele ukiwa bado haujafunga punje, na walichovuna hakikujaza hata robo ya ghala. Mumewe Usmanu akaenda Kano kusukuma mikokoteni ya maji, kama wanaume wote wafanyavyo kiangazi. Mvua mpya zikaanza, wenzake wakarudi kulima, yeye hakuonekana, na simu yake ikawa haipatikani. Tsahara na mke mwenzake Delu walipanda wenyewe. Mbuzi wakauzwa mmoja mmoja. Ilipofika katikati ya palizi, ghala lilikuwa limefagiliwa mpaka kuku hawaingii tena, na mavuno mapya yalikuwa bado miezi miwili na nusu. Watu watano katika nyumba ile: Tsahara, Zuwaira, Delu na tumbo lake la kukaribia kujifungua, na watoto wawili wadogo wa Delu. Walichemsha majani ya tafasa, mmea wa porini, asubuhi na jioni, mpaka hata choo chao kikawa cha kijani.

Na Zuwaira alikuwa amefaulu mtihani. Katika wasichana wa mwaka wake pale kijijini alifaulu peke yake. Mjomba wake wa mji wa Tessaoua alikubali akae kwake asome shule kubwa, masomo yangefunguliwa mwezi wa kumi. Tsahara hakuijua hata herufi moja, lakini alikuwa ameapa mbele ya mtoto na mbele ya Mungu kwamba huyu hataozwa akiwa na miaka kumi na minne kama yeye alivyoozwa. Shemeji yake alikwisha kumuuliza mara mbili binti anangoja nini. Tsahara alimjibu kwamba anangoja baba yake arudi. Jibu hilo lingeshika kwa muda tu, naye alijua.

Basi akaenda kwa Hajiya Gambo.

Hajiya Gambo ndiye mwenzake mkubwa wa biki. Mumewe ni mfanyabiashara wa nafaka. Ameoza watoto watano, amewapa majina wajukuu sijui wangapi, na kote huko Tsahara alipeleka. Ukuta mzima wa chumba cha Hajiya, ule unaotazama mlango, ulikuwa wa Tsahara. Alipokaribishwa akaketi akiutazama, na mabakuli yake yakamtazama.

"Hajiya, nimekuja na shida."

"Shida zote ziko hapa leo, mwanangu, asubuhi nimepokea nne. Kaa. Kokwa ya kola hii, tafuna."

Tsahara akatafuna kola kwenye tumbo tupu, ikamzungusha kichwa. "Naomba unirudishie kumi tu. Kimyakimya. Nikauze Alhamisi ninunue uwele."

Hajiya aliacha kutafuna. "Umelala salama kweli wewe?"

"Nimelala na njaa."

"Hebu nikuulize. Mabakuli yako nilipoyapokea, niliyapokea gizani?"

"Hapana."

"Niliyapokea kwa ngoma, Tabawa anapaza sauti mpaka punda wa jirani wakakata kamba. Leo nikutolee kwa mlango wa uani, kama tumeiba? Kesho wataniambia Gambo kavunja biki na Tsahara. Wewe nawe watakuitaje? Mwanamke aliyekwenda kudai zawadi. Si ndivyo?"

Ndivyo, na Tsahara alijua. Kudai biki ni kama kumfuata mtu ukamwambia akurudishie salamu yako. Mama yake angekuwa hai angemfunika uso kwa kitambaa.

"Mabakuli hayarudi bila ngoma," Hajiya alisema, sasa kwa upole. "Na ngoma unayo, unaificha tu."

"Ngoma gani?"

"Jana nimeiona kisimani, ina ndoo mbili na haimwagi tone. Kijana wangu Sabiu haombi makubwa. Mwoze Zuwaira, uone mali yako itakavyorudi. Utakosa pa kuiweka."

"Zuwaira anasoma, Hajiya."

"Hata Sabiu alisoma. Kiko wapi?" Akacheka, akampa kokwa mbili za kola za njiani. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi, na magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu.

Njiani Tsahara alilia kidogo, kilio cha hasira. Alijiona mjinga aliyejaza kisima cha watu miaka kumi na minne na leo ana kiu. Alikuwa bado anajifuta macho alipokutana na Tabawa mwenyewe, mpiga sifa, anatoka kuchuma majani. Njaa ile ilikuwa imemkausha hata yeye, maana pasipo karamu mpiga sifa hali.

Tsahara akamweleza yote. Tabawa alimsikiliza huku akinyonya meno.

"Tumbo la Delu limefika wapi?" akauliza.

"Limefika hilo. Wiki hii au ijayo."

"Na kinachotoka humo si cha nyumba yako? Wewe si bi mkubwa? Bi mdogo akisema mama wa karamu ni bi mkubwa, basi ni wewe, na biki zako zote zinaamka. Nimeyaona hayo mara tatu katika maisha yangu."

"Delu? Delu ataniwekea sumu kabla hajaniwekea karamu."

"Mwenye njaa hana miiko," Tabawa alisema. "Kamwombe. Na mimi nile."

Sasa nikueleze habari ya wanawake wale wawili. Walikuwa hawajasemezana mwaka wa tatu huo. Delu aliletwa kwa sababu ya watoto, naye alizaa upesi, na siku moja akiwa anatwanga alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna miti mingine huzaa tunda moja ikachoka. Tangu siku ile waliongea kupitia kwa watoto. "Mwambie bi mkubwa chumvi imekwisha." "Mwambie bi mdogo ameimaliza yeye." Mtoto akiwa amesimama katikati yao, hana hata haja ya kufungua mdomo.

Jioni ile Tsahara akasimama mlangoni kwa Delu. Delu alikuwa amelala ubavu, mwanawe mdogo kando yake yuko katika usingizi mzito. Akamwambia yule mtoto aliyelala, "Mwambie bi mkubwa aingie, mlango hauumi."

Tsahara akaingia, akapiga magoti. Hilo peke yake lilimfanya Delu aketi.

Alisema alichojia, bila kuremba. Alipomaliza, Delu aliweka mkono juu ya tumbo.

"Kwa hiyo leo mti wa tunda moja unataka kuazima tunda."

"Unataka."

"Mama yangu ndiye mama wa karamu. Ameshanunua hata sabuni."

"Mama yako ana biki tatu. Mimi nina ukuta mzima kwa Gambo, na wengine kumi na saba. Tutakula sote, Delu. Na wanao."

Delu akamtazama mwanawe aliyelala. Kisha akasema, "Zamu zako."

"Zamu zipi?"

"Usmanu akirudi. Miezi sita jikoni ni mimi, na chumbani ni mimi. Wewe upumzike, bi mkubwa. Umefanya kazi sana."

Tsahara alihisi uso unamuwaka. Zamu ya mwanamke ndiyo heshima yake, ndiyo inayokiambia kijiji kwamba bado ni mke. Zikichukuliwa, ni bibi wa kulea wajukuu wa watu. Akafikiria daftari la Zuwaira, lile alilolifunga kwa mfuko wa nailoni lisinyeshewe.

"Chukua," akasema. "Miezi sita. Akirudi."

"Atarudi," Delu akasema upesi mno, na Tsahara akaona kwamba na yeye haamini.

"Basi tumegawana mume asiyekuwepo," Tsahara akasema. Ikawatoka wote wawili kicheko, cha kwanza kwa miaka mitatu, halafu wakaona haya, kila mmoja akatazama pembeni.

Mtoto alizaliwa Jumamosi, msichana, mwepesi kama fungu la pamba lakini mwenye sauti. Delu akawaambia watu waliokuja kumpongeza: "Mama wa karamu ni bi mkubwa." Mama yake Delu alivimba, akafunga vitu vyake, akafungua, akabaki. Habari ikazunguka vijiji vinne. Tsahara ana ngoma.

Siku zile sita Tsahara aliishi kama msichana. Alikandika ukuta wake kwa udongo mpya. Alimwambia Zuwaira mabakuli yatakavyopangwa, na yatakayouzwa ni yapi, na viatu vya shule vitatoka kwenye lipi. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kimoja tu: chakula cha wageni. Alikuwa na pishi tatu za uwele za kukopa, na katika msimu wa njaa mwanamke haendi karamuni peke yake, huenda na wanawe wote na wa jirani. Miaka kumi na minne hajapiga ngoma, halafu watu waondoke wakilamba vidole vikavu? Afadhali ardhi ipasuke.

Alfajiri ya siku ya saba, anasaidia kumwosha mtoto, akaitwa nje. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umesimama uani na magunia sita ya uwele. Mwendeshaji alikuwa mtu wa barabara kuu, wasiyemjua.

"Ya nani?" Tsahara akauliza.

"Ya karamu ya Usmanu," akasema yule mtu, ndivyo alivyoagizwa kusema au ndivyo alivyosikia, akashusha, akaenda zake.

Ya Usmanu. Tsahara alilishika gunia la kwanza kama anashika mabega ya mtu. Mizigo ya Kano hupita barabara ile ile. Kwa hiyo yuko hai, kwa hiyo amesikia, kwa hiyo hakuwatupa. Hakusubiri kuuliza mara ya pili, na nani angesubiri? Akamwita Delu, wakashikana mikono pale pale mbele ya watu.

"Fungueni," Tsahara akasema. "Pikeni mengi. Leo hakuna mtu atakayetoka hapa na njaa."

Vinu vinane vikatwanga kwa pamoja. Shehe akasoma, akamtangaza mtoto kuwa Sakina, kondoo wa shemeji akachinjwa, amekonda mpaka kisu kiligonga mfupa tangu mwanzo. Kisha wanaume wakaondoka na ua ukawa wetu. Tabawa akafudikiza vibuyu juu ya beseni la maji akaanza kuvipiga kama ngoma, na wanawake wakaanza kuingia na mabakuli kichwani. Jina baada ya jina. Tsahara alisimama mlangoni pa chumba chake akipokea, na ukuta ule mtupu ukaanza kuvaa. Watu walikula. Walikula kwa ukimya, kwa bidii, watoto wakifungiwa matonge nguoni mwa mama zao ya kwenda nayo. Magunia manne yalimalizika kabla ya adhuhuri. Tsahara aliyaona yakiisha na hakuumia hata chembe. Nadhani hajawahi kuwa na furaha kama ile, si siku ya ndoa yake, si siku ya kumzaa Zuwaira.

Baada ya adhuhuri Hajiya Gambo akafika, na msafara. Wasichana kumi na wawili, kila mmoja na mnara wa mabakuli kichwani, mapya, bado yana karatasi za dukani. Vitenge sanduku zima. Mabeberu wawili. Ua ukasimama wima. Tabawa akaruka juu ya kinu ili aonekane.

"Gambo mke wa ghala! Tsahara alimpa moja, amerudisha mbili? Hapana. Amerudisha mbili, akaongeza mbili, akaongeza mbili! Hesabuni enyi mnaojua! Na juu yake magunia sita ya uwele, ambayo nyinyi wenye matumbo mmekwisha kuyala!"

Vigelegele vikapasua anga. Watu wakacheka, wakajishika matumbo, wakamwinamia Hajiya. Tsahara peke yake hakusikia kitu. Alikuwa amesimama na mkono ukutani, udongo mbichi unamshika vidole. Si Usmanu. Usmanu hakutuma hata punje. Na alichokipokea mbele ya vijiji vinne, alichokisema yeye mwenyewe kifunguliwe, hata angelima karanga mpaka afe asingeweza kukirudisha maradufu. Asiyerudisha, jina lake hutajwa na Tabawa kwenye kila karamu, mwaka baada ya mwaka, kabla ya ngoma kuanza. Jina lake ndilo alilokuwa nalo. Alilinunua kwa bakuli moja moja.

Hajiya akamkumbatia. Alinukia udi.

"Umeniaibisha, Hajiya," Tsahara akasema kwa sauti ndogo.

"Nimekuheshimu, mwanangu. Karamu yangu inayofuata ni ya Sabiu, mavuno yakiingia tu. Usihangaike utaniletea nini." Akampapasa mgongo kama anayemlaza mtoto. "Mabakuli ninayo ya kutosha."

Wageni walipotawanyika Tsahara akayafunga magunia mawili yaliyobaki kwa kamba ya katani, mafundo matatu kila moja. Akawaambia Delu na Zuwaira mtu asiyaguse. Hakueleza kwa nini, na Zuwaira hakuuliza. Shauri lake lilikuwa hili: Alhamisi atakwenda sokoni na mabakuli ya wengine wote, atanunua magunia manne, ataongeza na haya mawili, na kabla ya harusi ya Sabiu atayarudisha sita mlangoni kwa Hajiya na mabakuli yake yote juu. Maradufu baadaye, Mungu akipenda. Angalau asiwe na chochote cha Gambo tumboni zaidi ya kile cha siku ile. Mpaka Alhamisi watakula majani.

Alhamisi akatembea saa mbili na mabakuli sitini kichwani na mgongoni. Alipofika akaona kwanza rangi. Safu ya wauza mabakuli ilikuwa imetoka mahali pake pa kawaida, imepita wauza kamba, imepita machinjio, ikafika barabarani. Wanawake wa kila kijiji walikuwa wameshusha kuta zao siku moja.

Mnunuzi alikuwa kijana wa mjini aliyeketi juu ya lori. Hakushuka hata kutazama.

"Sita kwa pishi moja ya uwele, mama."

"Mwaka jana bakuli moja lilitoa pishi tatu."

"Mwaka jana watu walikuwa wanakula, wakataka vya kulia." Akaonyesha kwa kidole nyuma yake, lori limejaa. "Mimi mwenyewe nitayapeleka wapi haya?"

Pishi kumi kwa yote sitini. Pishi kumi hazijazi hata nusu gunia. Tsahara alisimama pale jua likimpiga, akafanya hesabu kwa vidole mara tatu, kana kwamba vidole vingemwonea huruma. Kando yake mwanamke asiyemjua alikuwa akilia huku akiuza. Tsahara hakuuza. Sijui kama ni kiburi au ni nini. Huenda hakutaka tu kuwa na chini ya alivyokuwa navyo asubuhi. Akajitwisha sitini zake akarudi nazo saa mbili nyingine, na kila hatua yaligongana kichwani kwake, kwa kelele ile ambayo zamani aliipenda.

Alisikia mchi kabla hajafika. Kisha akasikia harufu ya mchuzi wa majani ya mbuyu. Akaharakisha, akayashusha mabakuli mlangoni vibaya, mawili yakaviringika uani.

Zuwaira ndiye aliyekuwa akitwanga. Gunia moja lilikuwa limelala ubavu, mdomo wazi, na kamba ya katani imekatwa kwa kisu, mafundo yote matatu bado yamefungwa. Delu alikuwa akinyonyesha, na maziwa yalikuwa yanatoka, mtoto anameza kwa sauti. Wale wadogo wawili walikuwa wamelala mkekani na matumbo yamesimama, midomo ina ugali.

"Nani amekata?"

"Hajiya Gambo alipita kumwona mtoto," Zuwaira akasema, anapumua kwa kazi. "Akaona hawa wanalia. Akasema si vizuri watoto walale njaa na gunia limesimama. Amekata mwenyewe, mama. Kisha akaketi na mimi, akaniuliza mambo ya shule, akataka nimsomee kitu, nikamsomea kile cha kwenye mfuko wa sabuni. Akasema nina sauti nzuri." Akapangusa jasho. "Ni mtu mwema yule, ee?"

Delu aliinua macho akamtazama Tsahara. Alikuwa ameelewa Hajiya anataka kulipwa nini, sijui tangu lini. Akamhamishia mtoto titi la pili.

Zuwaira akanawa mikono, akachukua bakuli moja jipya kati ya yale yaliyoviringika, akalipangusa kwa kanga yake, akapakua ugali wa moto, akamwagia mchuzi. Akamwekea mama yake mbele, akapiga magoti kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Kula, mama. Umetembea sana. Mimi nimekungoja, sijala."

Tsahara alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana asubuhi. Alimtazama mtoto, kisha akalitazama bakuli. Mkono wake ukaenda wenyewe. Ugali ulikuwa mtamu, na alipomaliza tonge la kwanza akamsogezea Zuwaira bakuli katikati, wakala pamoja.